Piano ya Rosebella na Mvuke wa Maharagwe

Kila jioni Rosebella aliinjika maharagwe kwenye stovu, kisha akaosha piano. Ndiyo, kuosha! Alikuwa akifua nguo kwa mama mmoja wa Lavington, mtaa wa matajiri, na mama huyo alipohama alimwachia piano yake kuukuu. Katika ploti yao ya vyumba vya kupanga huko Kawangware hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Rosebella aliisugua kwa maji na sabuni mpaka ikang'aa.

Lakini jambo moja lilimchanganya akili. Shuleni, binti yake Christine alisifiwa na mwalimu wa muziki. Nyumbani, wimbo uleule uliharibika. Sauti zilitoka vibaya, na vibao vya kubonyeza vilikwama.

"Wewe unacheza tu!" Rosebella alifoka. "Mbona shule unaweza na hapa huwezi?"

"Mum, nabonyeza vile nilifunzwa."

Ijumaa, Christine alisema amemwambia mwalimu kwamba ameacha muziki. Rosebella alikosa usingizi. Mtoto ndiye mvivu, au mwalimu ndiye mwongo? Hakujua.

Asubuhi alimwita jirani yake Khamala, fundi wa piano za makanisa.

"Sasa, Mama Christine. Hii kitu unaiosha na nini?" Khamala aliuliza, akigusa mbao yenye unyevu.

"Maji na sabuni, kila siku. Si ni safi?"

Khamala alicheka, akafungua kifuniko. "Safi kabisa, lakini imelewa maji! Mbao ikinywa maji inavimba, ndio vibao vinakwama. Na ona stovu iko wapi. Mvuke wa maharagwe wote unaingia humu. Mchana nayo, jua linachoma hii mabati ya nyuma, mbao inakauka. Sasa nyuzi zitakaa sawa aje?"

"Kumbe naiharibu nikidhani naitunza?"

"Pole. Panguza vumbi na kitambaa kikavu. Usiweke hata kikombe juu. Halafu niite mara mbili kwa mwaka nikaze nyuzi."

Waliisukuma piano hadi ukuta wa ndani. Stovu ikahamia mlangoni. Khamala aliiacha ikauke wiki mbili, kisha akarudi kukaza nyuzi, moja baada ya nyingine.

Christine aliketi kwa wasiwasi, akacheza. Hakuna kibao kilichokwama. Rosebella alisikiliza mpaka mwisho, na aibu ikamshika.

"Nisamehe, mwanangu. Haikuwa wewe."

"Nilidhani masikio yangu yameharibika," Christine alisema, machozi yakimlengalenga. "Mum, mwalimu atanikubali tena?"

"Kesho tunaenda pamoja. Mimi ndiye nitamwambia kosa lilikuwa la nani."