Karafuu Ndani ya Fidla

"Iuzwe," alisema Mjomba Haroub.

"Haiuzwi," alisema Mama.

Mize alikaa mkekani, katikati yao. Amepakata fidla ya Babu.

Babu alifariki mwezi uliopita. Tangu siku hiyo, fidla haikulia tena.

Mize aliitikisa kidogo.

Cheke, cheke, ndani ya fidla.
Babu hayupo.

Mjomba alisema fidla za zamani zina thamani. Pengine hii ingejenga nyumba.

"Nyumba ninayo," alijibu Mama. "Baba ndiye sina."

Mjomba akasema basi waulize bei yake kwanza.

Wakaenda kwa Bi Zuwena, fundi wa fidla. Mize aliibeba mwenyewe, njia nzima.

Cheke, cheke, ndani ya fidla.
Babu hayupo.

Bi Zuwena alivaa miwani. Akanusa mbao. Akagonga mgongo wa fidla. Ko, ko, ko.

Akamulika tochi kwenye tundu. Ndani mna karatasi ndogo, ina jina.

Mize aliuliza kama ni jina la Babu.

Hapana. Ni jina la kiwanda. Bi Zuwena alisema fidla kama hii zilitengenezwa nyingi sana. Ni ya zamani, ndiyo. Lakini bei yake haifiki hata baiskeli.

Mjomba aliinamisha kichwa.

Bi Zuwena akaitikisa. Cheke, cheke.

"Na huu uchafu kautia nani?"

Akaipindua. Tik, tik, tik. Zikadondoka karafuu kavu, moja baada ya moja, mpaka meza ikanukia.

Mize akaanza kulia.

"Si uchafu," alisema. "Ni tunzo za Babu."

Kwenye taarabu, watu humtunza mpigaji pesa. Mize hakuwa na pesa. Kila Babu alipopiga, Mize alimtunza karafuu moja.

Alidhani Babu alizitupa. Kumbe Babu alizitunza zote.

Mama alimkumbatia Mize. Mjomba alipangusa macho kwa mkono wa kanzu. Akaokota karafuu, akazirudisha tunduni.

Tik. Tik. Tik.

Hakubakisha hata moja.

Usiku Mize alilazwa kitandani. Fidla ililala kando yake.

Cheke, cheke, ndani ya fidla.
Babu hayupo.
Karafuu zake zipo.

Mjomba alikuja kuaga. Alisimama mlangoni, kandambili mkononi, asimwamshe mtu.

"Itunze, Mize," alisema.