Kisanduku cha "Viteketezwe"

Lifti ya hospitali ilijaa pomoni, na katika watu wote wa mji ule, aliyebanwa bega kwa bega na fundi cherehani alikuwa mume wake wa zamani. Shati la bluu limenyooshwa pasi, marashi yaleyale.

"Umenona," akasema.

"Na wewe umezeeka. Sogea, unanikanyagia gauni!"

Ghorofa ya nne wakashuka, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake. Katika maabara ya ghorofa hiyo, ndani ya tangi la naitrojeni, kwenye baridi ambayo barafu kwake ni cha mtoto, viinitete vinne vya mayai yake na mbegu za bwana huyo vilikuwa vimegandishwa tangu enzi za ndoa. Wakikubaliana vihifadhiwe, hawaitwi tena mpaka miaka mitano ipite. Wakikubaliana viteketezwe, kwisha habari. Wasipokubaliana, vinabaki, wanaitwa mwakani kujaza fomu upya. Miaka mitatu mfululizo fundi alitia alama "Vihifadhiwe," bwana "Viteketezwe." Roho mbaya ya namna gani hiyo?

Leo alichoka. Akatia alama "Viteketezwe," akaisukuma fomu mezani. "Haya, furahi! Umeshinda."

Mwanamume alikwisha kukabidhi yake. Alipoiona ile ya fundi, akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akaipokonya fomu yake mikononi mwa dada wa maabara, akaichana.

"Una wazimu?" fundi akafoka.

"Wewe ndiye mwenye wazimu! Si huwa unasema vihifadhiwe?"

"Na wewe viteketezwe!"

"Kwa sababu nilijua utakataa! Tungekubaliana, ningekuona lini? Baada ya miaka mitano?"

Dada wa maabara akainamia kompyuta, masikio wima.

"Mshenzi wewe! Miaka mitatu unanitoa roho, kisa unataka kuniona? Simu huna?"

"Ulinifungia namba siku uliyonifukuza."

Kweli. Alimfukuza siku mimba yao ilipoharibika, naye akasimama mlangoni akasema, "Si tuna vingine vinne?" Siku ile alitamani kumrarua. Hata leo hasira ilikuwepo, ila machozi nayo yalimtoka, akajichukia.

Akaichana fomu yake. Wakapewa mpya, wote wakatia "Vihifadhiwe."

"Basi, mpaka miaka mitano," dada wa maabara akasema.

Fundi akatoa simu, akabonyezabonyeza, akaifungua ile namba. "Piga."

Ikaita. Akaiacha mpaka ikakaribia kukata, ndipo akapokea, akimkazia macho hatua mbili mbele yake.

"Sema. Na uanze na siku ile."