Mwanga wa Kuchajia Sikio la Bwana Ghanim

Bi Mahbuba alikuwa jikoni kwake Ansab, mjini Maskati, akipepeta mchele. Mumewe, Bwana Ghanim, alikaa sebuleni na gazeti.

"Baba Khattab, utakunywa chai?"

Bwana Ghanim akafunua ukurasa mwingine.

"Baba Khattab! Chai!"

"Shahad? Shahad wetu? Hajafunga ndoa bado."

Bi Mahbuba akaweka ungo chini. Mashine ya sikio ilikuwa imezima tena.

Ijumaa ilikuwa karibu, na siku hiyo Shahad, mjukuu wao, anaozeshwa kwa Yaqdhan. Khattab, mwana wao na baba yake Shahad, ameshatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo walii wa kumwozesha ni babu. Kadhi atamwuliza, na yeye lazima asikie na ajibu.

"Mimi sendi," Bwana Ghanim alikuwa amekwisha kusema. "Nikakae pale kama gogo, nikiwachungulia watu midomo? Mtafuteni ami yake Shahad."

Bi Mahbuba hakutaka kusikia hilo. Mashine ilikuwa nzima, tatizo ni chaji tu. Chaja ya ukutani iliungua, na nyingine iliyoagizwa haijafika. Noof, binti wa jirani anayefanya kazi maabara, alikuwa amewaazima kikasha cha majaribio cha kuchajia mashine hizo. Kifuniko chake kina utando mweusi unaotengeneza umeme. "Kinachaji kwa jua, khalti," alisema, akimwita mama mdogo kwa Kiarabu, akawahi kazini.

Kwa jua! Na Maskati jua si la kutafuta. Bi Mahbuba alikipandisha darini, akakiweka juu ya tangi la maji. Hakikuchaji. Akaona labda joto halitoshi. Akakifunga kwa kitambaa cheusi ili kishike moto zaidi. Kikatoka kinaunguza vidole, na taa yake haiwaki hata kidogo.

"Sasa huu mji una jua au hauna?" alijiuliza. Hakuelewa kitu.

Jioni Noof alipopita, Bi Mahbuba akamweleza yote. Noof akashika kichwa.

"Ya Allah, khalti! Umekifunga kitambaa?"

"Ili kipate joto, mwanangu."

"Hakitaki joto. Kinataka mwanga."

"Si jua hilo hilo?"

"Jua hilo hilo, lakini vitu viwili." Noof akakaa. "Huu utando ni chembechembe za fuwele, ndogo hata huzioni kwa macho. Si kama waya wa shaba unaopitisha umeme wakati wote, wala si kama plastiki inayouzuia. Ziko katikati. Gizani zimetulia. Mwanga ukizipiga, ndani ya chembe elektroni inang'oka mahali pake. Elektroni ni kitu kidogo mno chenye chaji ya umeme. Ikitoka, inaacha tundu nyuma."

"Tundu? Kwa hiyo kimetoboka?"

"La, khalti. Ni nafasi tupu tu. Elektroni inakwenda upande mmoja, nafasi inakwenda upande wa pili, na hapo ndipo tunapata umeme."

"Nafasi tupu inakwendaje, nayo ni tupu?"

Noof akacheka. "Jirani akihamia kwenye kiti kitupu, kitupu sasa ni kile alichotoka. Ndivyo inavyokwenda."

Bi Mahbuba akaitikia kwa kichwa. "Haya. Na hiyo elektroni inapita wapi?"

"Inaruka kutoka chembe hadi chembe. Kama harusini, sinia la halua linavyopitishwa mkono kwa mkono. Wanawake wakikaa karibu, linafika. Wakikaa mbali, mtu hafikii. Kila chembe imezungukwa na nyuzi ndogo, na sisi maabara tunazifanya fupi ili chembe zikaribiane. Elektroni isipopata pa kurukia, inarudi tunduni, na mwanga wote umepotea bure."

"Na moto wangu umefanya nini?"

"Joto kali linavuruga mpangilio wa chembe, elektroni zinanasa njiani. Betri nayo ikipata moto inakataa kuchajiwa. Na kitambaa kimezuia mwanga wenyewe."

"Basi nimekiua!"

"Kimedhoofika, hakijafa. Kiweke dirishani, mwangani, hapa ndani penye AC. Pazia lifunguliwe, kioo kifutwe vumbi. Usikifunike."

"Dirishani, penye baridi?" Bi Mahbuba alimtazama kana kwamba amesikia vibaya. "Nnakuambia kweli, kichwa kinanizunguka."

Hata hivyo, kulipokucha alifuta kioo, akafungua pazia, akakiweka kikasha utando ukitazama mwanga. Taa ndogo ikawaka kijani. Akainama kuitazama, asiamini. Chaji ilipanda polepole, kwani utando ulishadhoofika, lakini ilipanda.

Ijumaa Bwana Ghanim alivaa kilemba chake, mashine sikioni. Wanawake walikaa chumba cha pili, wakisikiliza kwa kipaza sauti. Kadhi aliuliza kwa sauti ya chini. Bi Mahbuba alishika mkono wa Shahad.

"Nimekuozesha, Yaqdhan," sauti ya Bwana Ghanim ilisema, bila kusitasita, "mjukuu wangu Shahad binti Khattab."

Vigelegele vikapaa. Bi Mahbuba alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Kumbe kaka anasikia!" wifi yake alisema. "Mmeichaji kwa kitu gani ile mashine?"

"Kwa mwanga. Si kwa joto, usije ukakosea," Bi Mahbuba alijibu. "Mwanga unang'oa kitu, kinaacha tundu, halafu tundu nalo linaondoka."

"Tundu linaondoka kwenda wapi?"

Bi Mahbuba alijitengeneza mtandio.

"Muulize Noof," alisema. "Mimi nnajua pa kukiweka kikasha."