Mkalimani wa Mchumba Wake

"Huguette, chungulia sebuleni. Unaona nini?"

"Naona watu wa msiba, tantine."

"Na bwana yako?"

"Anagawa Fanta."

"Anagawa Fanta!" Tantine Immaculée alijipiga paja. "Mama aliyemzaa tumetoka kumwona kwa simu akishushwa kaburini kule Uvira, na ye iko anauliza watu kama wanataka ya orenji ama ya zabibu! Macho makavu kama sahani ya kabatini."

Wanawake watatu wa kanisa waliokuwa wakiosha vyombo walifunga bomba la maji wapate kusikia vizuri. Fleti ya Josias ilikuwa ndogo, ghorofa ya tano, na kila neno lilifika kila chumba.

Huguette alikuwa msusi wa nywele, umri miaka ishirini na tisa, aliyelelewa na huyu shangazi yake tangu walipoingia Durban. Harusi yake na Josias ilibaki wiki tatu. Vitenge vya sare vilikwisha kushonwa.

"Kila mtu analia kivyake, tantine."

"Huyo hana kilio chake wala cha mwenzake. Mtu asipomlia mama yake, watu wanajiuliza ni nani aliyemla huyo mama kwa uchawi. Mimi sijasema. Wanajiuliza."

Huguette alifuta mikono, akamvuta Josias mpaka kwenye korido. Alikuja na chupa mkononi. Huyu ndiye yule Josias aliyekuwa akicheka kabla ya kumaliza kichekesho chake mwenyewe, mpaka watu wakacheka bila kukisikia. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro kule Jacobs.

"Jo, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Niangalie. Uko sawa?"

Alimwangalia kama dereva anavyoangalia robot ya barabarani, akingoja taa ibadilike.

"Nikikuambia utakimbia," alisema.

"Sikimbii."

"Niko juu, Huguette. Pale darini. Nakuona wewe, na namwona mwanamume mwenye chupa ya Fanta anaongea na wewe. Sauti yake ni yangu. Ila mimi siko ndani yake."

Huguette alitazama darini kabla hajaweza kujizuia. Palikuwa na taa tu.

Siku nne baadaye, saa tisa alasiri, simu iliita saluni.

"Huguette, niko mbele ya duka la matairi."

"Duka gani? Si uko kazini?"

"Kuna baba ananiambia hapa ni Umbilo."

"Umbilo! Umetembea kutoka Jacobs?"

"Viatu vinasema hivyo. Mimi sikumbuki. Nakumbuka nilikwenda chooni saa nne."

Jioni ile ujumbe wa tantine uliingia: "Nimesikia. Mlete kwa mchungaji Jumamosi, iko shetani ndani yake. Asipokuja hakuna harusi."

Huguette hakuujibu. Asubuhi mbili kila wiki alikuwa akitafsiri kwenye kituo kimoja cha ushauri kule Morningside, mahali wakimbizi walipokwenda kuongea na daktari wa mambo ya akili, Dokta Cathy. Alikwisha kuwaona watu wakiingia pale wamekunjamana na kutoka wamenyooka kidogo. Akamwambia Josias.

"Nani atanitafsiria?" Josias aliuliza.

"Athanase. Naye anatafsiri pale."

"Athanase wa kwaya? Nikikohoa mle ndani saa tatu, saa sita kanisa zima linaniletea dawa ya kifua."

"Basi unamtaka nani?"

"Wewe."

"Hairuhusiwi, Jo. Mkalimani hamtafsirii ndugu yake."

"Sisi si ndugu. Bado."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kusema kitu kilichokaribia mzaha, na Huguette akakosa nguvu za kukataa. Dokta Cathy alipomwona ameingia na mgonjwa, alidhani ni zamu yake ya kawaida. Huguette alimwacha adhani hivyo.

Ukalimani una sheria mbili. Usiongeze, usipunguze. Na mgonjwa akisema "mimi", nawe unasema "mimi", kana kwamba umemwazima kinywa.

"Hali hii ilimpata kwa mara ya kwanza lini?" daktari aliuliza kwa Kiingereza.

Huguette aliuliza kwa Kiswahili.

"Nilikuwa na miaka kumi. Watu wenye bunduki walikuja kijijini. Mama alinipandisha darini."

"Nilikuwa na miaka kumi," Huguette alisema kwa Kiingereza. "Watu wenye bunduki walikuja kijijini. Mama alinipandisha darini."

"Akaniambia, Josias, usilie. Wakifanya lolote, usilie. Ukilia tunakufa sote."

"Akaniambia nisilie. Nikilia tunakufa sote."

"Baba alibaki chini yangu. Kwenye mbao palikuwa na tundu."

Huguette alimgeukia Josias. Miaka mitatu ya uchumba, Josias alikuwa amemwambia kwamba baba yake alikufa kwa malaria.

"Anasema nini?" daktari aliuliza.

"Anasema..." Alisahau sheria. "Samahani. Baba alibaki chini yangu. Palikuwa na tundu."

"Niliona yote," Josias aliendelea kwa sauti ile ile ya kugawa Fanta. "Halafu nikawa sioni tena kwa macho yangu. Nikawa mbali, juu zaidi ya dari. Nilimwona mtoto amejiziba mdomo. Sikumhurumia. Sikumjua."

Huguette aliyasema yote kwa "mimi".

Dokta Cathy aliweka kalamu chini, akaanza kueleza taratibu, naye Huguette akifuata nyuma yake sentensi kwa sentensi.

"Mtoto yule hakuwa na pa kukimbilia, kwa hiyo akili yake ikakimbia peke yake, ikauacha mwili pale darini. Ilimwokoa. Lakini ilijifunza njia. Sasa pigo kubwa likija, kama kifo cha mama, inakimbia kwa njia ile ile, hata kama hakuna mwenye bunduki. Ndiyo maana unajiona kutoka nje. Ndiyo maana dunia inaonekana kama iko nyuma ya kioo, saa nzima nzima zinapotea, na machozi hayaji. Ni ugonjwa unaojulikana, una jina, na unatibiwa kwa mazungumzo, polepole. Si shetani. Wala si moyo mbaya."

Josias aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa barua ya jirani.

"Ana mchumba?" daktari aliuliza. "Anahisi nini akiwa naye?"

Huguette alitamani aangushe kitu, mlango ufunguliwe, simu ilie. Hakuna kilicholia.

"Una mchumba? Unahisi nini ukiwa naye?"

Josias hakumtazama daktari. Alimtazama yeye.

"Najua ni yeye. Najua anapenda ndizi za kukaanga, najua analala na kitambaa cha kijani kichwani. Nikiulizwa chochote juu yake, nafaulu. Lakini nikimshika mkono ni kama nimevaa glavu za kazini. Najua kuna mkono. Siuhisi."

"Nikimshika mkono," Huguette alisema kwa Kiingereza, "ni kama nimevaa glavu za kazini. Najua kuna mkono." Akavuta pumzi. "Siuhisi."

"Muulize daktari," Josias akasema, "mtu kama mimi anaweza kuoa?"

Daktari alijibu kwa maneno mengi na kwa upole. Anaweza, kwa nini asiweze. Lakini si sasa. Asioe, wala asivunje uchumba. Asiamue jambo kubwa lolote mpaka arudi ndani ya mwili wake. Huenda ni miezi, huenda ni mwaka, yeye hawezi kuahidi. Na huyo mchumba aambiwe ukweli huu, achague mwenyewe kama atangoja.

Huguette aliviona vitenge vilivyokunjwa kwa tantine. Aliliona gauni. Aliwaona wale wanawake wa jikoni wakifunga bomba.

"Amesema unaweza kuoa," alimwambia Josias.

Dokta Cathy alikunja uso. "Nimesema mengi kuliko hayo."

"Amesema na 'wait'," Josias akasema.

Huguette hakuinua macho.

"Neno hilo nalijua, Huguette. Miaka tisa kwenye foleni ya karatasi za ukimbizi. Ni Kiingereza cha kwanza nilichofundishwa hapa. Nani angoje? Angoje nini?"

Huguette alifunga daftari lake, akamgeukia daktari.

"Leo mimi si mkalimani. Huyo mchumba ni mimi."

Daktari alivua miwani. "Ulipaswa kuniambia kabla hatujaketi."

"Najua."

"Hutamtafsiria tena."

"Najua."

"Basi mwambie nilichosema. Chote."

Alimwambia chote, pamoja na lile la kwamba hakuna ahadi. Alipomaliza mashavu yalikuwa yamelowa, naye Josias aliyatazama yale machozi kama mtu anayetazama mvua akiwa ndani ya gari.

"Ndiyo sababu nilikutaka wewe," alisema. "Habari ya glavu nisingeweza kukuambia nyumbani. Ungeninyamazisha, ungeniletea chai. Hapa nilijua lazima usikilize mpaka mwisho."

Tantine Immaculée alipopewa habari hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Utamngoja mtu asiyekuhisi?"

"Ananijua, tantine."

"Ananijua! Hata jirani wa ghorofa ya pili ananijua. Anioe?"

Harusi ilifutwa. Wanawake wa kanisa walivaa vile vitenge kwenye harusi ya Glody, binti wa mzee wa kanisa, na walipendeza sana. Huguette alikuwepo, alipiga hata vigelegele. Kituo kilimpata mkalimani mwingine, Doris, mwanafunzi Mtanzania wa chuo kikuu kule Westville asiyejua mtu yeyote wa kanisa lao, na Josias akaenda kila Alhamisi.

Zipo siku alizomkaribisha Huguette kama mgeni wa heshima, akamfutia kiti. Zipo siku alizoongea vizuri saa nzima, kisha akauliza, "Umefika saa ngapi?" Siku hizo Huguette alirudi nyumbani kwenye taxi amegeuzia uso dirishani. Mara mbili alianza kuandika ujumbe, "Jo, nimechoka, niache," na mara mbili akaufuta. Mara ya tatu aliutuma. Josias alijibu baada ya siku nzima: "Una haki." Kesho yake Huguette akaenda kumwona kama kawaida, na hakuna aliyeutaja ule ujumbe.

Msiba ulikuwa mwezi wa tatu. Mwezi wa kumi, saa sita mchana, Huguette akiwa katikati ya kichwa cha mteja, simu iliita.

"Huguette." Sauti ilikuwa imepasuka, hakuijua.

"Nakusikia."

"Mama amekufa."

Alitaka kusema najua. Neno lilimfika ulimini, akalimeza.

"Lini, Jo?"

"Leo. Nilikuwa nakula, nikataka kumpigia. Nimetafuta namba yake, nikaipata, halafu nikakumbuka. Huguette, hayupo! Nitampigia nani?"

"Uko wapi sasa?"

"Nyumbani, wamenirudisha kutoka kazini. Nimekaa sakafuni. Niko chini. Siko juu, niko chini, na inauma, inauma vibaya."

"Nakuja."

Alimwomba mteja radhi, akamwachia mwenzake kile kichwa. Kwenye ngazi za saluni alipiga simu nyingine.

"Tantine, Josias amefiwa na mama yake."

"Eish! Mara ya pili? Si tulikwisha kumlia yule mama?"

"Sisi tulilia. Yeye msiba umemfikia leo."

"Huguette, mimi mambo ya daktari wenu siyaelewi."

"Si lazima uelewe. Njoo ukae tu."

Alimkuta ameegemea ukuta, kamasi na machozi vimechanganyika, analia kwa sauti ya mtoto, mdomo wazi kabisa. Hakuuziba. Huguette alisukuma makochi pembeni, akatandika godoro chini kama inavyotandikwa nyumba ya msiba, akakaa naye. Josias aliushika mkono wake, akaugeuza huku na huku.

"Vidole vyako vimekuwa vigumu hivi tangu lini?"

"Tangu zamani, Jo."

"Na vinanuka mafuta ya nywele."

"Hilo pia la zamani."

"Pole."

"Wewe lia tu."

Mlango uligongwa. Tantine Immaculée alisimama kizingitini akihema kwa ngazi tano, Fanta sita kwenye plastiki.

"Nani atagawa?" aliuliza.

"Mimi," Huguette alisema.

Tantine alivua viatu. Aliketi chini kwa shida, bega kwa bega na mtu ambaye hakumsalimia kwa miezi saba.

"Mama yako aliitwa nani vile?"

"Libérate."

Tantine alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga kiunoni, akainua uso.

"Libérateee!" alilia. "Mama Josias, umetuacha na nani!"

Alilia kama mtu aliyepata habari dakika ile.