Mzigo Umeamka

Simu ilisema mzigo umelala. Fundi cherehani hakushtuka, maana mizigo hulala bandarini, hulala ghalani, hulala hata kwenye lori bovu, na yeye alikuwa ameshazoea kuambiwa hivyo. Akaiweka simu mezani, akakanyaga cherehani, akapitisha mshono mmoja kwenye kola ya sare ya shule, akaichukua tena. Simu ikasema: Mzigo umegeukia ukutani.

Hapo angemwita mtu. Hakumwita.

Mzigo wenyewe ulikuwa kitanda cha mtoto. Alikiagiza mtandaoni tumbo likiwa bado dogo la kufichwa na gauni: kitanda cha mbao nyeupe, chenye fito pembeni, kinachotoka mbali huko kwa meli. Kila alipofungua simu kuona kimefika wapi, alishusha kichwa akaliambia tumbo. "Kitanda chako kimetoka kiwandani, baba. Kitanda chako kimepanda meli." Tumbo likapiga teke. Wakawa wanasafiri hivyo, mtoto na kitanda, kwa sauti ya mama mmoja.

Mtoto akafika kwanza, akafika kimya. Wauguzi walimsugua mgongo, wakamsugua tena, kimya, wakamfunika. Alizikwa asubuhi, na mama yake hakuwahi kuisikia sauti yake hata ya kupiga chafya.

Majirani walikuja kutoa pole. Walimwambia bado kijana, atapata mwingine, utadhani alikuwa amepoteza kijiko. Mumewe, fundi wa friji, mtu anayeamini kila kilichokufa kina waya uliokatika mahali, akapiga simu kuomba kitanda kirudishwe. Akajibiwa kwamba mzigo ukishapakiwa haurudi mpaka ufike. Mume akaacha. Mke hakuacha.

Aliangalia simu akiamka, aliangalia akipiga mswaki, aliangalia mkono mmoja ukiwa kwenye maji ya kufulia. Zamani mtu ukisubiri kitu ulikwenda zako kuteka maji, kitu kikija kinakukuta. Siku hizi watu wanachokonoa kungoja kwao kwa kidole kama kidonda, halafu wanashangaa hakiponi.

Siku simu iliposema mzigo umeamka, maziwa yaliyokuwa yameshakauka yalimjaa kifuani ghafla, blauzi ikalowa mpaka kiunoni. Akamkimbilia mumewe.

"Soma."

Mumewe akasoma. "Mzigo uko bandarini, tafadhali subiri."

"Soma vizuri."

"Nimesoma, mke wangu."

"Imeandikwa umeamka! Huoni? Umeamka!"

Mwanamume akamtazama. Tangu mimba alikuwa ameshaanza kumwita mama, na sasa kila akitaka kumwita alijikwaa kwenye neno hilo hilo, akalimeza. Akafanya wanachofanya mafundi: akachomoa laini ya simu, akaitia mfukoni, akaenda kazini.

Simu haikujali. Mzigo unalia, ikasema. Mzigo una njaa.

Ndipo nyumba nayo ikaanza. Kwanza ilikuja harufu ya rangi ya mbao na poda, kisha chini ya poda harufu ya maziwa yaliyochacha, na haikutoka jikoni wala uani bali kwenye kile chumba kidogo walichokuwa wamekipaka rangi wakakifunga. Kisha ukaja mlio wa mbao zikisugua mbao, taratibu, kama mtu anayebembeleza kitu kwa mguu huku mikono yake ina kazi, na mlio ule ulianza jua likiwa utosini, watoto wa jirani wakipiga mpira nje, ukanyamaza kila mara fundi cherehani alipoiweka simu chini na kuanza tena kila alipoishika, ukiwa karibu zaidi na mlango kuliko mara iliyopita, mpaka ikafika siku ambayo aliangalia simu huku amesimama na mgongo wake umegusa mlango wa chumba kile, na kitu upande wa pili, chini kabisa, usawa wa magoti, kikakwaruza.

Hakukimbia. Alitabasamu. Hilo ndilo lililomtisha shangazi wa mumewe, aliyemkuta amesimama hapo, amekonda, shingo imebaki mishipa.

"We binti, unacheka na nani?"

"Amekaribia, shangazi."

"Nani?"

"Ameshushwa melini. Analetwa leo."

Shangazi alikuwa na mdomo uliowahi kumfukuza askari mgambo sokoni. Siku ile alisema maneno machache tu, kwa sauti ya chini. "Kaa hapa. Usishike kitu."

Akarudi na mpwa wake, yule mume, na mganga. Mganga alikuwa mzee mfupi anayetembea na kigoda chake mwenyewe, kwa sababu, alisema, viti vya watu vina habari za watu. Alikaa sebuleni, akanusa hewa, akamsikiliza fundi cherehani mpaka mwisho.

"Ulimwahidi mtu kitanda," akasema, "ukakisindikiza kwa maneno njia nzima. Mwenyewe hakukilalia. Wako viumbe wasio na pa kulala, binti yangu, na wana masikio. Mmoja amekipanda."

"Ni mtoto wangu?"

"Siye. Amejua tu unachongoja."

"Basi mtoe," mume akasema.

"Nimtoe wapi? Hajaingia. Kila akiangaliwa anapiga hatua, na amebakiza moja. Mkeo akiangalia tena, amempokea. Na akimpokea, atanyonya mpaka mama aishe." Mzee akaigeuza simu kifudifudi sakafuni. "Atalia. Muacheni alie. Hakuna kuangalia."

Wakakaa. Alasiri, mlango wa nje wazi, jua limelala sakafuni. Shangazi alimkumbatia fundi kwa nyuma, amemfunga mikono kama anavyofungwa mtu anayetaka kujitupa.

Kilio kikaanza.

Kilianza kidogo, kama paka aliyefungiwa kabatini, kikitoka kwenye simu, halafu kikatoka chumbani, halafu hakikuwa na mahali kinapotoka. Kikapanda, kikavuta pumzi, kikapanda tena, kilio cha mtoto mchanga mwenye mapafu mazima, kilio cha njaa kisha cha hasira kisha cha kuona hakuna anayekuja, na wote mle ndani walikisikia, hata mume, aliyekuwa amesimama mlangoni na laini ya simu imemchoma kiganjani kwa alivyoibana.

"Ni wa kiume," mume akasema. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni. "Shangazi, hii sauti ni ya kiume."

"Kaa chini," mganga akasema.

Fundi alijivuta kuelekea simu. Maziwa yalimchuruzika mpaka kwenye mikono ya shangazi. "Ndivyo angelia," akanong'ona.

"Ndiyo," shangazi akamjibu sikioni. "Ndivyo angelia. Usiangalie."

"Niangalie kidogo tu."

"Usiangalie, mwanangu."

"Ana kwikwi. Mmesikia? Amelia mpaka amepata kwikwi."

"Tumesikia. Usiangalie."

Kwikwi zikaachana. Ikasikika sauti ndogo ya kunyonya kidole, kama wanavyofanya wakishakata tamaa. Kisha hakuna kitu. Harufu ya poda ikatoka chumbani, ikawapita wote, ikaenda nje.

Mganga akamwashiria shangazi, maana ni yeye tu mle ndani ambaye hakuwa akingoja. Shangazi akavaa miwani, akaokota simu, akasoma kwa sauti iliyokwaruza.

"Mpokeaji hakupatikana. Mzigo unarudishwa kwa mtumaji."

"Mtumaji ni nani?" fundi akauliza.

Mzee alikuwa anakung'uta kigoda chake.

"Nauliza, mtumaji ni nani? Huko anakorudishwa kuna mtu? Shangazi, kuna mtu atakayemchukua?"

Shangazi akaigeuza simu kifudifudi tena.

Nje, ng'ambo ya uwanja wa mpira, kilio kilianza tena, kikienda mbali. Hakikuwa cha hasira sasa. Kilikuwa kinaita tu, kinanyamaza kusikiliza, kinaita. Mume aliziba masikio. Fundi akajitoa mikononi mwa shangazi, akasimama, akaenda mpaka dirishani. Alikisikiliza kikififia, kilikuwa bado kinasikika.

Kisha akalifunga dirisha mwenyewe.