Kibao cha Bhoke Nilikitoa Mimi

Ndugu wasomaji, nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Misungwi, na hadi mwezi uliopita nilikuwa mwalimu wa masomo ya ufundi na usanifu katika shule moja ya Ilemela. Leo niko nyumbani kwa mama, nasubiri barua ya kuniambia kama nitarudi darasani au la. Msinionee huruma kwanza. Someni hadi mwisho!

Jina langu ni Kabula. Nilisomea ualimu katika chuo kimoja cha hapa Mwanza, na huko ndiko nilikokutana na Bhoke, binti wa mvuvi kutoka Mara. Tulipanga chumba kimoja Mkolani. Katika kundi letu la karakana wasichana tulikuwa wawili tu, na wavulana walitucheka kweli. Eti tutashika randa au tutalinda kucha? Bhoke aliwajibu kwa kazi. Mbao zake zilinyooka kuliko za mtu yeyote, zangu zikiwemo. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Wiki ya kwanza mkufunzi wetu alimpa kila mmoja kipande cha mbao, akatutaka tuchonge kibao chenye jina, tutoboe tundu na kufunga kamba. Vibao vyote vilikaa ukutani, kila kimoja kwenye msumari wake. Ukitaka kuingiza mkono ndani ya mashine, hata kama ni kutoa maranda tu, unatundika kibao chako juu ya swichi. Kibao kikiwa pale, hakuna wa kuwasha. Na anayekitoa ni mwenyewe tu, hata mkuu wa chuo haruhusiwi.

Bhoke alikosea kuchonga herufi ya kwanza ya jina lake, ikatoka imepinda, akaona aibu. Tangu hapo kila alipokirudisha kibao ukutani alikigeuza, jina likaangalia ukuta. Tulimtania mpaka tukachoka.

Mwenzangu alikuwa na kasoro moja tu, usahaulifu. Akimaliza kusafisha mashine anakimbilia bombani kunywa maji, kibao amekiacha kwenye swichi. Nikawa namtolea mimi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu... Nani angeona ubaya? Marafiki, bwana!

Siku ya kukaguliwa kazi zetu za mwisho ikafika. Kila mmoja alitakiwa awe na meza ya kuchorea aliyoisanifu na kuitengeneza mwenyewe. Wakaguzi walikuwa waje saa nane mchana, na mimi mbao za juu ya meza yangu zilikuwa bado hazijapigwa randa. Umeme nao ukakatika tangu asubuhi! Saa nne, saa tano, hakuna kitu. Wenzetu wakatoka nje kununua mihogo. Mimi nilikaa mlangoni nikiitazama taa ya karakana bila kupepesa macho.

Karibu saa sita taa ikawaka. Nje walishangilia. Mimi nikakurupuka na mbao zangu mkononi hadi kwenye mashine ya randa. Juu ya swichi... kibao cha Bhoke.

Niliangaza huku na huku, sikumwona. Nikasema moyoni, huyu naye, kasahau tena, yuko bombani. Nikakitoa, nikakitia mfukoni mwa ovaroli, nikawasha.

Mungu wangu! Ule ukelele sitausahau. Bhoke alikuwa amechuchumaa nyuma ya mashine, mkono uko ndani, anatoa maranda. Na alikuwa anasafisha kwa ajili yangu, wasomaji! Alijua nina haraka, akataka umeme ukirudi nikute mashine iko tayari.

Nilizima. Watu wakaja mbio, wakamfunga mkono kwa shati la mtu, wakamkimbiza hospitali. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikuokolewa.

Nilibaki peke yangu mle ndani, kibao kiko mfukoni. Nilikuwa na muda wa kwenda kwa mkufunzi na kumwambia ukweli. Nilifanya nini? Nilikwenda ukutani nikakitundika kwenye msumari wake.

Kamati ya wakufunzi ilipokaa nikaulizwa mbele ya Bhoke, mkono wake ukiwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, kama kibao kilikuwa kwenye swichi. Alikuwa amekwisha kuapa kwamba alikitundika. Akanigeukia, akasema, "Kabula, wewe ulikuwepo. Waambie."

Nikajibu, "Sikukiona."

Neno moja hilo! Wakaamua Bhoke amevunja kanuni ya usalama, hatafanya mtihani wa vitendo. Bila mtihani huo hakuna cheti, na msichana yule hakuwahi kutaka kitu kingine duniani zaidi ya kuwa mwalimu. Alifungasha vitu vyake kwa mkono mmoja. Hakunitukana wala hakunilaani. Mimi nilifaulu, nikapangiwa shule.

Mwaka huu nikaanza kufundisha kidato cha kwanza, na somo la kwanza likawa lilelile la vibao. Nilipofika kwenye kanuni, kwamba anayekitoa ni mwenyewe tu, nikakwama. Wanafunzi wananitazama, nami siwezi kumalizia sentensi! Nilitoka darasani nikalia chooni.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwao Bhoke, kando ya ziwa. Nilimwamkia mama yake, akaniitikia marahaba vizuri kabisa, akanielekeza uani. Nilimkuta anapiga randa mguu wa kigoda kwa mkono wa kushoto. Nikapiga magoti nikaungama yote.

Aliendelea na randa yake hadi mwisho wa ubao. Kisha akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza alijuaje.

"Kabla ya kamati walinipeleka karakana nikioneshe kibao changu. Nikakuta jina limeangalia watu. Mimi hukigeuza, Kabula. Wewe ndiye uliyekuwa ndani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikupa nafasi useme wewe. Nilikuita kwa jina lako mbele ya watu wote wale!"

Nilitaka kumshika mkono, akaurudisha nyuma. "Usinililie hapa. Nenda kaseme palepale uliposemea uongo."

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya wakufunzi walewale nikasema yote, nikaandika na kutia saini. Wiki iliyopita nimesikia kwamba Bhoke ameitwa chuoni kufanya mtihani wake wa vitendo. Ndiyo furaha yangu pekee mpaka sasa. Kuhusu mimi bado wanajadili, na wakininyang'anya cheti sitakuwa na cha kulalamika.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mlioko vyuoni na kwenye karakana, nawasihi! Kibao cha mwenzako usikiguse, hata kama ni rafiki, hata kama una haraka, hata kama umeshamtolea mara mia. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo, kibao kikiwa bado mfukoni. Mimi vidole vya Bhoke nilivikata bila kujua. Lakini kibao kile nilikirudisha ukutani nikiwa na akili zangu timamu... na Bhoke bado hajanipa mkono.