Alisubiri Jicho Likomae

Fundi Brashi alipaka rangi nyumba za watu, na mkewe ndiye aliyemchanganyia. Kazi yake ilisifiwa, mpaka kuta zilipoanza kubaki na mistari mitupu kwenye kona. Wateja wakanung'unika. Mara akajikwaa kwenye ndoo yake mwenyewe. Mkewe akamtania kwamba uzee haupigi hodi, wakacheka wote wawili.

Mama mkwe wake aliwahi kuwa na mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe kwenye mboni. Alisubiri ukomae, akapasuliwa, akaona tena. Fundi Brashi akadhani naye ana huo huo, akasema na lake likomae tu. Hakuumwa hata kidogo, basi akasubiri miaka.

Alipoanguka kutoka kwenye ngazi, binti yake aliwapeleka yeye na mkewe kliniki ya macho. Muuguzi akampima shinikizo la macho, akachungulia ndani kwa taa. Kisha akavuta kiti karibu nao.

"Baba, huyu si mtoto wa jicho. Hii ni glakoma."

Aliwaeleza polepole. Ndani ya jicho mna maji, si machozi, yanayoingia na kutoka kila siku. Kwake njia ya kutokea ilikuwa imeziba kidogo kidogo. Maji yakazidi, yakaukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Nyuzi za mshipa huo zikafa kimya kimya, kama mbao inayoliwa na mchwa, kuanzia zile za kuona pembeni.

"Mkinipasua, nitaona kama mama mkwe?"

"Hapana, baba. Uzi uliokufa haufufuki. Dawa au upasuaji hulinda uliobaki tu."

Fundi Brashi akainamisha kichwa. Mkewe alilia waziwazi. Majuto ni mjukuu, na kwao alikwisha fika.

Muuguzi akasema ugonjwa huu hutembea katika ukoo, ndugu nao wapimwe. Mdogo wake Fundi Brashi akaenda, shingo upande. Kumbe shinikizo lake lilikuwa juu, ila alikuwa bado anaona vizuri pande zote. Akapewa dawa ya matone ya kila siku.

Sasa mdogo ndiye anayepanda ngazi, na kaka mtu huishikilia chini. Jioni moja mdogo alisema amechoka na matone, macho yenyewe hayamuumi.

Fundi Brashi akapapasa mpaka akaupata mkono wake.

"Hata mimi sikuumwa," alisema. "Tia dawa, mdogo wangu."